Mshahara wa Ubaoni

Nataka ifahamike mapema kwamba sina ugomvi na serikali ya Tambarare. Nimekunywa supu na watumishi wake, nimezika nao, na mmoja wao ana mwavuli wangu mpaka leo. Ninayoyaeleza hapa ni yale yaliyobandikwa ubaoni, pamoja na yale ambayo mtaa wetu mzima uliyajua kabla hayajabandikwa.

Tambarare ni nchi ya usawa, hata jina linasema. Ina kilima kimoja tu, na ili kilima hicho kisije kuwatia wananchi unyonge, serikali yote ilijitolea kwenda kuishi huko juu, ikazungushia ukuta. Sisi tuliobaki chini tuko sawa kabisa.

Ligi kuu yetu ina timu kumi na mbili na bingwa mmoja. Majemedari, timu ya kilimani, wamechukua kombe mara kumi na moja mfululizo, hata fundi anayechonga majina kwenye kombe siku hizi huchonga mwezi wa pili, ili masika yakianza awe na nafasi ya kushughulikia mawe ya makaburi. Mlezi wa Majemedari ni Mheshimiwa Pazi Mwinyikondo, ambaye pia ni Waziri wa Michezo na Ulinganifu. Watu wenye roho mbaya waliwahi kuuliza kama kofia hizo mbili hazigongani. Mheshimiwa aliwajibu kwamba ana kichwa kikubwa.

Timu yetu sisi wa Machinjioni inaitwa Kwato. Beki wa kulia anachinja, beki wa kushoto anachuna, mbele wako wabeba nyama, watu ambao wamezoea kukimbia na nusu ng'ombe begani, kwa hiyo wakipewa mpira tu wanajiona wako likizo. Katibu na mweka hazina wa klabu ni Bi Mwamtoro, muuza supu, na taratibu zake za malipo hazijabadilika kwa miaka kumi na tano. Wakishinda, kila mchezaji anapata kilo mbili za utumbo. Wakitoka sare, kilo moja. Wakifungwa, kwato nne na pole. Hakuna mchezaji aliyewahi kudai malimbikizo, maana utumbo haulimbikiziki.

Golini alikaa Nkwabi. Mrefu, mpole, mikono kama sinia mbili. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na kwa miaka mitatu kati ya hiyo alikuwa mchumba wa Kabula, binti anayetia ngozi chumvi pale nyuma ya machinjio. Mahari tulishakubaliana: ng'ombe wawili. Nasema tulikubaliana kwa sababu mshenga nilikuwa mimi. Ng'ombe wa kwanza Nkwabi alishampeleka. Wa pili alikuwa akimkusanya polepole, na kwa hesabu zetu alikuwa amefika shingoni.

Sasa ikawa hivi. Watu walichoka kwenda uwanjani. Hawakugoma, hapana, Tambarare hakuna migomo. Walichoka tu, kama mtu anavyochoka kusikiliza kisa anachokijua mwisho. Hata mashabiki wa Majemedari walianza kutuma salamu. Mimi, ambaye sijawahi kuona raha mahali penye watu chini ya mia tatu, nilikwenda siku moja nikajikuta nimekaa na muuza karanga, na muuza karanga alikuwa amelala. Mheshimiwa naye alikuwa na desturi ya kuhutubia wakati wa mapumziko, na akagundua kuwa viti havipigi makofi.

Ikaundwa Tume ya Ulinganifu. Tume ikaajiri mtaalamu, mtaalamu akakaa miaka miwili na kubadilisha hoteli nne, kisha akatoa ripoti ya kurasa mia nne. Ripoti ilisema kwamba timu inayolipa wachezaji mishahara mikubwa hushinda mara nyingi kuliko timu inayolipa midogo.

Bi Mwamtoro aliposomewa habari hiyo alitua upawa wake, akasema hilo wangemuuliza yeye, angewajibu kwa bei ya bakuli moja.

Karani mmoja wa Tume, mtu mwembamba ambaye jina lake limeshafutwa kwenye orodha, alisimama kikaoni akapendekeza viingilio vya mechi zote viwekwe chungu kimoja vigawiwe timu zote, na ile inayolipa kupita kiasi ikatwe kitu iwasaidie wanyonge. Walimshukuru kwa mchango wake. Wiki iliyofuata alihamishiwa kituo cha kupima mvua, huko jangwani ambako mvua hainyeshi. Nasikia ripoti zake ni fupi na za wakati.

Mheshimiwa akaja na njia yake mwenyewe. Aliitisha mkutano, akapanda jukwaani, akavuta pumzi kwa muda mrefu hata watu wa mbele wakamuonea huruma.

"Ndugu wananchi," alisema, "mtaalamu amethibitisha kwamba kinachotutenganisha ni mishahara. Serikali yenu haiwezi kuvumilia utengano. Kuanzia leo kila mchezaji wa ligi kuu, awe wa kilimani, awe wa bondeni, analipwa milioni tatu kwa mwezi. Orodha itabandikwa ubaoni kila wilaya. Katika nchi hii hakuna tena mchezaji maskini. Aliyebaki maskini ni yule ambaye hajaenda kusoma ubao."

Tulipiga makofi. Mtu wa nyuma akauliza pesa zenyewe zinatoka wapi. Mheshimiwa alimtazama kwa masikitiko, akamweleza kwamba hilo ni swali la fedha, na yeye ni Waziri wa Ulinganifu.

Basi tukaenda kusoma ubao. Na kweli, jina la Nkwabi lilikuwepo, namba mia moja na nne, milioni tatu, muhuri wa bluu. Alilisoma mara mbili. Jumamosi ile walicheza, wakatoka sare, na Bi Mwamtoro akampa kilo yake ya utumbo kwenye mfuko.

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo.

Mwenye nyumba wa Nkwabi anajua kusoma. Alipandisha kodi Jumatatu. Kadi za michango ya harusi zikaanza kuingia: ya mtoto wa jirani, ya mpwa wa fundi baiskeli, ya watu wawili ambao Nkwabi hakuwahi kuwaona na nadhani hata wao kwa wao hawakuwa wamekutana. Mwezi mmoja alipokea kadi ishirini na sita, zote zikimtaja kuwa mgeni rasmi. Kanisa lilimwekea kiti cha mbele. Msikiti ulimletea makadirio ya vyoo vipya. Na kila alipofungua mdomo kueleza kwamba hajaona hata senti, watu walimsihi afunge, kwa kuwa kifungu cha tisa cha sheria mpya kilikuwa kimeweka kosa la Kujishusha. Mtu anayedai kwamba yeye au mwenzake analipwa pungufu ya ilivyoandikwa ubaoni anaitukana takwimu ya taifa. Miezi sita.

Kisha Mzee Lugembe akaniita.

Mzee Lugembe ndiye baba mdogo wa Kabula, aliyemlea tangu kaka yake afariki. Hana tamaa yule mzee, na nataka hilo nalo lieleweke. Alinikaribisha kiti, akanipa maji, nikajua kuna jambo.

"Mshenga," akasema, "ng'ombe ni arobaini."

Nikamuuliza kama ametania.

"Mimi najua pesa hana," akasema. "Utumbo anaobeba nauona. Lakini ubao unasema anazo, na ubao uko barabarani. Nikimtoa mwanangu kwa ng'ombe wawili kwa mtu wa milioni tatu, watu watasema nini? Watasema Kabula ana kasoro. Watasema Lugembe kamtupa mtoto wa marehemu. Unataka nikamwambie nini kaka yangu siku nikienda?"

Nilikunywa maji yake nikaondoka, nikampelekea Nkwabi ujumbe kule machinjioni. Alikuwa ananoa kisu. Aliendelea kukinoa muda mrefu baada ya kuwa kikali.

Msimu ukaenda. Ajabu ni kwamba pamoja na mishahara kulingana, Majemedari waliendelea kuongoza ligi kama kawaida. Mheshimiwa alieleza kwamba usawa umeshapatikana, ila matokeo bado hayajapata taarifa. Sisi wa mtaani tulisikia vingine kutoka kwa mpishi wao. Kwenye vitabu vya Majemedari kila mchezaji aliandikwa milioni tatu, sawa na Nkwabi, hakuna aliyedanganya. Lakini chini kulikuwa na mstari mwingine uitwao "maji ya kunywa ya wachezaji", milioni mia nne kwa mwezi. Wachezaji wa Majemedari walikunywa sana maji mwaka ule. Mshambuliaji wao wa kati peke yake alikunywa nyumba ya ghorofa na magari mawili.

Nkwabi, kwa kuwa ni mtu anayeamini ofisi, aliomba ruhusa siku moja akaenda wilayani kuomba apunguziwe mshahara. Nilimsindikiza. Dirisha la kwanza walitupeleka la tatu, la tatu wakaturudisha la kwanza, na la kwanza lilikuwa limekwenda kunywa chai. Hatimaye tukampata dada mmoja mwenye miwani.

"Unataka kupunguziwa," akasema yule dada.

"Ndiyo."

"Mshahara."

"Ndiyo, dada yangu."

"Unaumwa?"

Nkwabi akasema haumwi, anataka kuoa. Yule dada akamtazama, kisha akanitazama mimi, akafungua kitabu. Alikuwa mtu mwema. Alisoma na kidole. Akatueleza kwamba mshahara wa ubaoni haupunguzwi kwa maombi, maana ni heshima. Hata hivyo ipo Nyongeza ya Pili. Tume ilifikiri hivi: ikiwa mshahara mkubwa unaleta ushindi, basi anayeshinda ni dhahiri analipwa vizuri, na anayepigwa vibaya ni dhahiri halipwi kitu. Kwa hiyo timu ikifungwa kwa tofauti ya mabao saba au zaidi, wachezaji wake wote wanashushwa ubaoni hadi daraja la mwisho.

"Daraja la mwisho ni kiasi gani?" Nkwabi aliuliza.

"Elfu kumi na tano."

Nkwabi akafumba macho. Elfu kumi na tano ni ng'ombe wawili bila ubishi. Mzee Lugembe angeweza hata kumrudishia nusu ya yule wa kwanza.

Tatizo ni kwamba Kwato, tangu Nkwabi akae golini, hawajawahi kufungwa zaidi ya matatu. Na ilibaki mechi moja, ya mwisho wa msimu, dhidi ya Majemedari.

Alikwenda kumweleza Bi Mwamtoro kwa siri, pale kibandani, saa nne asubuhi, watu wakiwa wameinamia mabakuli. Nasema kwa siri kwa maana ya kwamba alinong'ona. Supu haijapoa, mtaa mzima ulikuwa na habari.

Bi Mwamtoro alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa ameshaagiza utumbo wa ziada kwa ajili ya mechi ile, kilo nne kwa kila kichwa wakiwafunga Majemedari, jambo ambalo Kwato hawakuwahi kulifanya tangu dunia iumbwe.

"Saba ni nyingi, mwanangu," akasema. "Tano hazitoshi?"

"Sheria inasema saba, mama."

"Na hao wenzako kumi? Nao washushwe?"

"Wao wanasema washushwe tu. Wamechoka na kadi."

Bi Mwamtoro akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Akasema yeye ni mzazi, hawezi kumzuia kijana kuoa. Akasema pia kwamba amesubiri miaka kumi na tano kuwaona wale watu wa kilimani wakiteremka wameinamisha vichwa, na kwamba atakwenda kukaa nyuma kabisa, asione vizuri.

Mtaa uligawanyika vipande viwili. Wachunaji walisema mtu mmoja hawezi kutuuza sote kwa ajili ya mke. Wauza mikia wakajibu kwamba sisi tuna nini cha kuuzwa? Bingwa ameshachongwa. Mzee mmoja wa ngozi aliapa hataongea na Nkwabi, kisha akamfuata kutwa nzima kumweleza kwa nini haongei naye. Kabula mwenyewe alikuwa anatia chumvi.

Siku ya mechi uwanja ulijaa.

Acha nirudie. Uwanja ulijaa, kwa mara ya kwanza katika miaka sita. Watu walikaa juu ya ukuta, juu ya tangi la maji, juu ya wenzao. Nchi nzima ilikuja kuona kama mwanamume mzima anaweza kufungwa mabao saba kwa ajili ya mapenzi. Muuza karanga alimaliza gunia kabla ya mpira kuanza. Nami nilisahau kabisa nilikuja kwa huzuni, kwa jinsi palivyopendeza. Mheshimiwa alisimama jukwaani akafuta macho kwa leso na kutangaza kwamba haya ndiyo matunda ya sera ya ulinganifu.

Bao la kwanza liliingia dakika ya tano. Shuti lilikuwa la pole, Nkwabi akaruka upande wa pili na kulisindikiza kwa macho. La pili lilipita katikati ya miguu. La tatu alijifunga mwenyewe, akaomba radhi. Kufikia mapumziko yalikuwa manne kwa bila, na upande wetu walikuwa wanaume wazima wamejifunika fulana usoni.

Kipindi cha pili Majemedari walirudi wakaanza kupigiana pasi pale katikati. Wewe nipe, mimi nikupe. Dakika kumi. Dakika kumi na tano. Mshambuliaji wao wa kati, yule wa ghorofa, aliletewa mpira peke yake mbele ya goli tupu, maana Nkwabi alikuwa amesogea pembeni kumpisha, naye akaugeuza akaurudisha nyuma.

"Piga basi, ndugu yangu," Nkwabi akamwambia. Tuliokuwa nyuma ya goli tulisikia.

"Ya nini?"

"Bado matatu tu."

Yule bwana akafuta jasho. "Kaka, tumeshalipwa," akasema.

Mtaalamu alitumia kurasa mia nne na hakuliandika hilo.

Sasa wabeba nyama wetu hawakuwa wameshalipwa. Wao walikuwa na kilo nne za utumbo zinazowasubiri, au kwato nne, na mguu wa mtu unaijua tofauti hiyo hata kichwa kikiwa kimekubali kufungwa. Mmoja alinyang'anya mpira, akakimbia kama amebeba paja la mteja anayesubiri, akafunga. Nne moja. Akageuka kumtazama Nkwabi, akanyanyua mikono kuomba msamaha. Dakika sita baadaye akafunga tena. Nne mbili, na samahani nyingine.

Nkwabi akaingiwa na hofu. Akaanza kuwarushia Majemedari mpira miguuni. Waliukwepa. Uwanja ulianza kucheka, kicheko kile kinachoanzia kwenye tangi na kuteremka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe.

Hapo ndipo Kabula alipokuja. Alitokea kazini, aproni yake imekauka chumvi, viatu vya mpira miguuni, akapita katikati ya watu bila kuomba njia, akasimama nyuma ya wavu.

"Nkwabi."

Nkwabi hakugeuka. "Rudi kazini, Kabula."

"Nimekuja kumtazama golikipa. Yuko wapi?"

Mpira ulikuwa upande wa pili.

"Watu elfu kumi wanakucheka," Kabula akasema, na sauti yake haikupanda. "Mimi nitaishi na nani ndani ya nyumba? Na wewe, au na hayo saba?"

"Ng'ombe arobaini, Kabula. Nitawatoa wapi?"

"Nilikuuliza habari za ng'ombe? Wewe daka. Ng'ombe niachie mimi."

Ilikuwa nne tatu tayari, wabeba nyama hawashikiki. Ikawa nne nne dakika ya themanini na saba, na huko jukwaani leso ya Mheshimiwa ilitoka tena kwa sababu nyingine. Mwamuzi akatazama juu kilimani, akatazama saa, akapuliza filimbi na kuwapa Majemedari penalti. Hatukuona kosa. Alieleza baadaye kwamba lilikuwa kosa la jumla.

Yule wa ghorofa alipiga. Sasa alipiga kweli, maana Mheshimiwa alikuwa amesimama wima anamtazama. Nkwabi akaruka kushoto na mikono yake yote miwili, mikono kama sinia, akaudaka mpira ule na kuukumbatia, akalala nao chini kidogo kama mtu aliyefika nyumbani. Kisha akainuka akaupiga mbali. Ulidunda mara moja. Mbeba nyama alikuwa pale.

Tano nne. Bi Mwamtoro, aliyekaa nyuma kabisa asione, alikutwa mbele kabisa, kiatu kimoja hana.

Furaha ile tulikuwa nayo siku mbili. Siku ya tatu tangazo lilibandikwa. Tume ilikuwa imekaa, imechambua, imeridhika. Kwa kuwa kombe lilishachongwa na fundi ana kazi nyingi, na kwa kuwa utulivu wa nchi ni jambo la kwanza, matokeo ya mechi yalipewa Majemedari. Lakini serikali si dhalimu. Kwa kutambua jinsi Kwato walivyocheza, na kwa kufuata Nyongeza ya Pili, mishahara yao ilipandishwa hadi milioni tisa kwa mwezi. Mheshimiwa aliita hiyo mizania: wengine wamepata ushindi, wengine wamepata mshahara.

Nkwabi alisoma ubao, akakaa chini pale pale barabarani.

Jioni Mzee Lugembe aliniita. Safari hii hakunipa maji, alikuwa ameona haya. Alisema ng'ombe mia na ishirini. Alisema yeye hakupiga hesabu, hesabu ilipigwa na jirani.

Nilikwenda kumweleza Kabula. Alinisikiliza huku anakung'uta chumvi kwenye viganja, akaniuliza ofisi ya mifugo inafungua saa ngapi. Yeye alikuwa anaijua ofisi ile. Kila ng'ombe anayeingia machinjioni lazima aandikwe kwao kwanza, na aliyeandikwa ndiye ng'ombe. Wasiyemwandika, hata akilia mlangoni, hayupo.

Asubuhi tulikuwa dirishani. Kabula alisema amekuja kuandikisha mahari yake: ng'ombe mia na ishirini, kutoka kwa Nkwabi wa Kwato, kwenda kwa Mzee Lugembe wa mtaa wa ngozi. Bwana mifugo, mtu makini mwenye kalamu tatu mfukoni, akauliza ng'ombe wako wapi.

"Kwani unadhani hana uwezo?" Kabula akauliza.

"Sijasema hivyo."

"Ubao unasema milioni tisa kwa mwezi. Wewe unasema mtu wa milioni tisa hawezi kutoa ng'ombe mia na ishirini? Nikuandike jina?"

Bwana mifugo aliifikiria miezi sita ya kifungu cha tisa. Akafungua kitabu. Aliandika taratibu, kwa mwandiko mzuri, mia na ishirini, akagonga muhuri wa bluu, na nakala ikabandikwa ubaoni chini ya orodha ya mishahara. Mahari imelipwa.

Mzee Lugembe alikwenda kusoma. Alisoma mara mbili, kama Nkwabi alivyosoma mwanzo, kisha akavua kofia yake akaitazama ndani. Angesema nini? Angesema hajapokea, angekuwa amejishusha. Na tena niseme kweli: nilimwona akitabasamu kidogo. Aibu ilikuwa imemtoka. Mtoto wa marehemu ametolewa kwa ng'ombe mia na ishirini, ubao mzima unashuhudia. Harusi ilikuwa Jumapili. Chakula kilikuwa utumbo, na kila mtu alikula akashiba.

Sasa ni mwezi wa nne tangu harusi. Kodi ya josho la kuogeshea ng'ombe ni kwa kila kichwa, na ng'ombe mia na ishirini ni vichwa vingi. Mzee Lugembe amepokea kadi za michango thelathini na moja. Alilazimika kujenga zizi, maana kuwa na ng'ombe bila zizi ni kosa jingine, na kila asubuhi analifagia. Nkwabi anakwenda kumsaidia kabla ya kazi, mkwe ni mkwe. Tukipita pale tunamuuliza mzee habari za ng'ombe, naye anajibu hawajambo.

Jana bwana mifugo alikuja na kitabu chake kufanya ukaguzi. Alisimama kwenye lango la zizi, akalowesha kidole, akaanza kuhesabu hewa ile, safu kwa safu, bila haraka. Tulikuwa watu kama sabini ukutani, hakuna aliyekohoa. Akamaliza. Akarudia. Kisha akakunja uso.

"Mzee," akasema, "kitabu kinasema mia na ishirini. Mimi hapa naona mia na kumi na tisa."

Mzee Lugembe akaegemea ufagio wake. Alilitazama zizi kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta sura fulani katika umati.

"Mmoja ameenda kunywa maji," akasema.

Bwana mifugo alilifikiria jambo hilo. Akageuza ndoo, akaikalia, akaweka kitabu magotini. Akasema hana haraka, atamsubiri.